Ncha ya Mzizi na Chakula Chake

Msomaji mmoja wa ukurasa huu auliza kwa nini mahindi yake, ambayo aliyatilia mbolea ya kukuzia mara mbili, yamedumaa na kugeuka rangi ya zambarau majanini, hali jirani yake aliyetia mara moja tu ana shamba la kupendeza. Fedha imekwenda, na ada za shule zangoja. Swali hili si dogo, na ili kulijibu yatupasa kwanza tushuke chini ya ardhi.

Mzizi haurefuki mwili mzima kama mtoto akuavyo. Hurefuka karibu na ncha tu. Ng'oa mche wa mahindi kwa upole, uoshe udongo, nawe utaiona ncha nyeupe iliyovikwa kofia ndogo. Nyuma tu ya kofia hiyo, mahali pasipozidi milimita chache, ndipo penye chembe hai, ambazo wengine huziita seli, zinazogawanyika mchana na usiku: moja huwa mbili, mbili huwa nne. Zile zilizokwisha kuzaliwa hubaki nyuma, hurefuka, na kwa kurefuka kwao huisukuma ncha ndani ya udongo. Mwaka 1937 mtaalamu mmoja wa Marekani, Howard Dittmer, alipima mizizi ya mmea mmoja tu wa nafaka iitwayo rai, uliokuwa na umri wa miezi minne. Jumla ya urefu wake ilikuwa kama kilomita 620. Kutoka Nairobi mpaka Mombasa hakufiki hapo.

Basi kazi kubwa namna hii yataka vifaa. Kabla chembe haijagawanyika hunakili kwanza nyuzi za urithi zilizo katika kiini chake, na nyuzi hizo haziwezi kufanyika pasipo fosforasi na nitrojeni. Nguvu ya kazi ni sukari, nayo hushuka kutoka majanini. Kalsiamu nayo yahitajiwa, na hii ina tabia ya peke yake: mmea hauwezi kuishusha kutoka majanini mpaka ncha za mizizi, kwa hiyo ni lazima ipatikane katika udongo ule ule ambamo ncha inapita.

Lakini mzizi si mfanyakazi wa kungoja posho tu. Hupima na kuamua. Mwaka 1975 M. C. Drew wa Uingereza alieleza jaribio lake juu ya shayiri. Aliipa sehemu ya katikati ya mizizi chakula kingi, na sehemu za juu na chini akazipa kidogo. Palipokuwa na nitrojeni au fosforasi nyingi, vijizizi vya kando vilichipuka kwa wingi na kurefuka. Potasiamu haikufanya hivyo, ingawa mmea waihitaji sana.

Ajabu zaidi ni habari iliyotolewa na wataalamu wa Ufaransa mwaka 2007. Walitumia mmea mdogo wa jamii ya sukumawiki uitwao Arabidopsis, wakaona kwamba ncha ya mzizi mkuu inapogusa mahali penye fosforasi haba, basi ncha hiyo huacha kukua, hata kama sehemu nyingine za mizizi zimo katika shibe. Chembe zake huacha kugawanyika, na mmea huelekeza nguvu kwenye vijizizi vya kando vilivyo karibu na uso wa ardhi, ambako fosforasi huwa nyingi kuliko chini. Si mimea yote ifanyayo hivyo kwa kiasi kile kile, na mahindi yasihukumiwe kwa sheria ya Arabidopsis.

Sasa turudi kwa muulizaji wetu. Rangi ya zambarau katika mahindi machanga mara nyingi ni dalili ya kukosa fosforasi, ingawa baridi pia huweza kuileta. Mbolea ya kukuzia aliyoitia ni nitrojeni. Haikutibu upungufu huo. Tena yawezekana fosforasi imo shambani mwake lakini imefungwa. Katika udongo mwekundu wenye asidi, kama ule wa sehemu nyingi za Magharibi ya Kenya, chuma na alumini huishika fosforasi isipatikane. Na alumini yenyewe, udongo uwapo na asidi nyingi, ni sumu ya ncha. D. T. Clarkson alionyesha mwaka 1965, kwa mizizi ya vitunguu, kwamba alumini huzuia chembe zisigawanyike. Mzizi uliozuiwa hivyo huwa mfupi na mnene, nao hauendi kukitafuta chakula ulichokinunua kwa bei ghali.

Dawa ya asidi ni chokaa ya shambani, ichanganywe na udongo majuma kadhaa kabla ya kupanda. Lakini usiitie kwa kubahatisha, maana chokaa kupita kiasi nayo hufunga virutubisho vingine. Chukua udongo mahali kama kumi na tano shambani, kina cha sentimita 20, usiuchukue karibu na boma la ng'ombe wala palipochomwa takataka. Uuchanganye katika ndoo safi, uuanike kivulini, kisha upeleke nusu kilo kupimwa. Maabara ya KALRO iliyoko Kabete hufanya kazi hiyo, na Bwana Shamba wa kwenu aweza kukuelekeza iliyo karibu zaidi.