Majengo ya Dharura Yamesimama, Madaktari Wake Watatoka Wapi?

Kila mwaka mwezi Machi, wanafunzi wa udaktari wanaohitimu Marekani hujulishwa hospitali watakazokwenda kusomea ubingwa. Mfumo mmoja wa nchi nzima hulinganisha chaguo la mwanafunzi na chaguo la hospitali, kisha majina hutoka siku moja. Machi 2023 nafasi za tiba ya dharura zilikuwa 3,010. Nafasi 554 zilikosa mtu. Miaka miwili kabla ya hapo, korona ikiwa bado inaua, zilizobaki wazi zilikuwa 14 tu.

Wengi walitarajia kinyume chake. Dunia nzima ilikuwa imetoka kuwaona madaktari wa dharura kwenye runinga, alama za barakoa zikiwa zimewakaa usoni, na watu wa New York wakiwapigia makofi madirishani kila jioni. Ingekuwa ajabu kama vijana wasingevutiwa, na kweli walivutiwa: mwaka 2020 waombaji wa vyuo vya udaktari nchini humo waliongezeka kwa takriban asilimia 18, ongezeko ambalo vyombo vya habari vililihusisha na mvuto wa mtaalamu wa magonjwa ya kuambukiza, Dkt. Anthony Fauci. Sina sababu ya kuubeza wito wa aina hiyo. Lakini hao walikuwa ndio kwanza wanabisha hodi. Waliokwisha kuingia ndani, wa mwaka wa tatu na wa nne, walikuwa wakiiona picha nyingine kabisa.

Kwanza, waliondolewa wodini. Machi 17, 2020, jumuiya ya vyuo vya tiba vya Marekani ilishauri wanafunzi wasimamishwe kuwahudumia wagonjwa, kwa kuwa vifaa kinga havikutosha hata kwa waajiriwa. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, ila ulikuwa na gharama yake. Tiba ya dharura hujifunzwa kwa kusimama kando ya mtu anayejua kazi: unamwona akiamua ndani ya dakika mbili nani apelekwe chumba cha ufufuo na nani asubiri kwenye benchi, na unajiuliza kama na wewe ungeweza. Mwanafunzi aliyeikosa zamu hiyo aliijua fani kupitia taarifa ya habari, na taarifa ya habari ilimwonyesha vifo na uchovu. Aprili 2020 Dkt. Lorna Breen, aliyekuwa akiongoza idara ya dharura ya hospitali moja ya New York, alijiua baada ya wiki kadhaa za kuwahudumia wagonjwa wa korona na yeye mwenyewe kuugua. Miaka miwili baadaye Bunge la Marekani lilipitisha sheria yenye jina lake, ya kulinda afya ya akili ya wahudumu wa afya. Wanafunzi wengi waliifahamu habari hiyo.

Pili, na naamini hili lilikuwa na uzito zaidi, Aprili 2021 ilitolewa ripoti ya chama cha madaktari wa dharura iliyokadiria kwamba kufikia mwaka 2030 Marekani ingekuwa na maelfu ya madaktari wa fani hiyo zaidi ya wanaohitajika. Kijana anayehitimu akiwa na deni la dola 200,000 haisomi ripoti kama hiyo mara mbili. Ongeza hapo kampuni za wawekezaji zilizokuwa zikinunua mikataba ya idara za dharura, na wagonjwa waliokuwa wakilala kwenye korido hadi kesho yake kwa kukosa kitanda wodini. Nafasi za mafunzo nazo zilikuwa zimepandishwa kutoka karibu 2,500 mwaka 2019. Kiti kiliongezwa wakati mkaaji anaanza kusita.

Fani ya magonjwa ya kuambukiza ndiyo inayoniondolea shaka. Hakuna fani iliyopata heshima kubwa kuliko hiyo wakati wa janga. Hata hivyo, katika upangaji wa Desemba 2022, ni asilimia 56 tu ya programu zake za ubingwa wa watu wazima nchini Marekani zilizojaza nafasi zote. Sababu yake inajulikana: daktari akimaliza ubingwa wa magonjwa ya ndani, kisha akaongeza miaka mingine ya kusomea maambukizi, mara nyingi hulipwa pungufu ya mwenzake aliyeanza kazi mapema. Kwa hiyo janga huweza kuifanya kazi ijulikane na iheshimiwe, na bado kijana akaipita kwa sababu ameshapiga hesabu ya maisha yake.

Baadaye tiba ya dharura iliinuka tena Marekani. Mwaka 2024 zilibaki nafasi 135, na 2025 zikabaki 65. Hakukuwa na janga jipya la kuwahamasisha. Makadirio ya ziada yalitiliwa shaka, wanafunzi walikuwa wamerudi kwenye rotesheni, na sehemu kubwa ya pengo ilizibwa na wahitimu wa vyuo vya osteopathia pamoja na waliosomea nje ya Marekani. Hao wa mwisho wanatuhusu sisi. Nchi tajiri ikikosa vijana wake, milango hufunguliwa kwa vijana wa wengine.

Tanzania ilianza safari hii mapema kuliko majirani zake wengi. Idara ya dharura ya Muhimbili ilifunguliwa Januari 2010, na mwaka huohuo chuo kikuu cha afya cha MUHAS kikaanza kufundisha ubingwa wa miaka mitatu. Rwanda ilifuata 2013, na Kenya iliitambua fani hiyo rasmi mwaka 2017. Maana yake ni kwamba UVIKO-19 ilipoingia nchini Machi 2020, mabingwa wetu wa kwanza walikuwa na miaka saba tu tangu wahitimu. Mwanafunzi wa Marekani aliikimbia fani aliyoijua tangu utotoni. Wanafunzi wetu wengi walikuwa hawajawahi kumwona bingwa wake.

Wao pia walirudishwa nyumbani Machi, wakarejea vyuoni Juni mosi. Walirejea kwenye hospitali za nchi iliyokuwa imeacha kutoa takwimu tangu mwisho wa Aprili, na wimbi la mapema 2021 likawakuta humohumo, misiba ikitangazwa kuwa ni ya “changamoto ya upumuaji”. Sijui somo gumu kuliko hilo kwa daktari mchanga: kumhudumia mtu anayekosa hewa huku ugonjwa wenyewe hautajwi.

Kisha fedha zikaja. Oktoba 2021 serikali ilizindua mpango wa mapambano dhidi ya UVIKO-19 wa shilingi trilioni 1.3, mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Sehemu ya fedha hizo ilijenga majengo ya idara za dharura (EMD), vyumba vya wagonjwa mahututi na mitambo ya oksijeni katika hospitali za wilaya na mikoa. Huo ndio urithi mkubwa wa janga kwa fani hii hapa kwetu, na ni urithi mwema. Mgonjwa wa wilayani anayefika saa nane usiku sasa anaweza kukuta mlango maalumu wa kupokelewa. Ninachohofia ni kwamba tumelihesabu jengo kama huduma.

Ndani ya jengo hilo anahitajika mtu wa dharura za kila siku. Korona ilimchora daktari wa dharura kama mpiganaji wa ugonjwa mmoja, anayengoja balaa kubwa. Kazi yenyewe ni kijana wa bodaboda aliyevunjika paja, mtoto wa malaria anayedegedeka, mama anayevuja damu baada ya kujifungua, mzee aliyepooza upande mmoja tangu alfajiri. Lori la mafuta lilipolipuka Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, na kuua watu zaidi ya 100, baadhi ya majeruhi walikimbizwa Muhimbili. Hilo lilitokea kabla hatujasikia neno korona. Anayeingia fani hii kwa sababu ya janga atachoka janga likiisha. Atakayedumu ni yule aliyeipenda zamu ya kawaida ya Jumanne usiku.

Nadhani wakuu wa vyuo wanaotegemea hamasa ya 2020 wanakosea mahali hapo. Kijana wa mwaka wa tano leo anauliza maswali ya kawaida. Je, hospitali ya wilaya ina ikama ya bingwa wa dharura, au akihitimu atapangiwa kuzungukia wodi kama daktari wa jumla? Mwenzake wa magonjwa ya wanawake au ya watoto anaweza kufungua kliniki jioni na kujazia mshahara. Yeye hana mgonjwa wa kumfuata kliniki, basi posho yake ya usiku italingana na hali hiyo? Kenya imeshatuonyesha uchungu ulipo. Madaktari waligoma Desemba 2020, wakidai pamoja na mambo mengine vifaa kinga na bima. Mwaka 2024 waligoma tena siku 56, suala kubwa likiwa kupangiwa vituo na kulipwa kwa madaktari watarajali. Wanafunzi wa pande zote za mpaka waliufuatilia mgomo huo kwa simu zao.

Serikali tayari inafadhili madaktari kusomea ubingwa, kwa mpango unaobeba jina la Rais Samia. Ningependa tiba ya dharura ipewe fungu lake humo, likiambatana na barua ya kituo: kijana aambiwe tangu siku ya kwanza kwamba EMD ya hospitali fulani inamngoja. Na vyuo viwapeleke wanafunzi EMD wakiwa mwaka wa tatu, kwa wiki kamili na zamu za usiku, chini ya bingwa, kabla mioyo yao haijaenda kwa upasuaji au uzazi. Pale ambapo bingwa hayupo, apangwe mmoja wa kuzunguka mkoa mzima, hata kwa siku chache kila mwezi, ili mwanafunzi na mtarajali wa huko wamwone mtu huyo akifanya kazi yake.