Mwandishi na Aandike kwa Uadilifu

Ndugu zetu wasomaji, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu si ya vita wala ya mirathi. Ni ya kuandikiana deni. Ni aya ya 282 ya Suratul Baqara. Humo Mwenyezi Mungu atuamrisha tuliandike deni la muda, mwandishi aandike kwa uadilifu, mashahidi wawepo, wala tusichoke kuandika, likiwa dogo au kubwa. Mwezi huu twapenda kuitazama amri hiyo katika jambo wanalokutana nalo vijana wetu walioko bandarini na maofisini, nalo ni kuzitoa hati za biashara na za meli katika karatasi na kuzitia katika kompyuta.

Shehena ivukapo bahari hufuatwa na karatasi nyingi: ankara, orodha ya mizigo, bima, cheti cha nchi itokako bidhaa, na iliyo kuu kuliko zote, hati ya shehena. Hati hii ni stakabadhi ya mzigo uliopakiwa, ni ushahidi wa mapatano ya kuuchukua, na tena ndiyo ufunguo wa kuupokea. Kwa desturi hutolewa nakala asili 3. Nayo benki iliyoahidi kumlipa muuzaji haiendi kufungua magunia. Yatazama hati tu. Kwa kanuni za kimataifa zilizoanza kutumika mwaka 2007, ina siku 5 za kazi kuzikagua, na hati zikihitilafiana yaweza kukataa kulipa.

Karatasi zina ila zake. Hupotea, huchelewa, meli ikafika bandarini kabla yake, na watu waovu huzirudufu. Mwaka 2014 huko Qingdao, nchini Uchina, yalifichuka madai kwamba shehena zile zile za madini ziliwekwa rehani mara kadhaa kwa stakabadhi za ghala zilizorudufiwa. Hiyo ndiyo khiyana ambayo Uislamu umeiharamisha.

Kwa hiyo Umoja wa Mataifa ulitoa kielelezo cha sheria mwaka 2017 ili hati za kompyuta zipate nguvu sawa na za karatasi. Bahrain ikapitisha sheria yake mwaka 2018, na Uingereza mwaka 2023. Sheria ya Uingereza yashurutisha kwamba hati isimilikiwe na watu wawili mbalimbali kwa wakati mmoja. Mtu akishamkabidhi mwenziwe, yeye hana tena uwezo juu yake.

Lakini wako wadhanio kwamba kuipiga karatasi picha na kuihifadhi kunatosha. Sivyo. Picha ni picha. Kompyuta haiwezi kulinganisha hati na hati mpaka kila neno litiwe mahali pake: jina la mpakiaji mahali pake, uzito mahali pake, tarehe mahali pake. Na hapo ndipo makosa huingia. Tarehe 03/04 kwetu ni 3 Aprili; kwa Mmarekani ni 4 Machi. Mjerumani aandikapo 1.500 akusudia elfu moja na mia tano. Kwetu ni moja na nusu. Na jina Muhammad huandikwa pia Mohamed na Mohammed, hata mtu mmoja akageuka watatu, na mali yake ikazuiliwa hali hana kosa.

Wataalamu wamejaribu kuziwekea nambari shahidi wake. Kila meli kubwa ya biashara ina nambari ya tarakimu 7, na ya mwisho huzishuhudia zile 6. Watoto na wajaribu nyumbani kwa mfano wa 1234567. Zidisha 1 kwa 7, 2 kwa 6, 3 kwa 5, 4 kwa 4, 5 kwa 3, na 6 kwa 2. Jumla ni 77. Tarakimu ya mwisho ya jumla ni 7, nayo yaafikiana na ya mwisho ya nambari. Karani akikosea tarakimu moja, mara nyingi hesabu itakataa. Makontena nayo yana shahidi wa namna hiyo.

Lakini uzito wa gunia hauna shahidi wa hesabu. Aliyeandika kilo 90 penye kilo 100, kompyuta itazipokea na kuzipeleka duniani kote kwa dakika moja. Shahidi hapo ni mtu mwenyewe.

Basi, enyi vijana mnaosomea kazi hizi, jifunzeni kwa bidii, kwani ni elimu yenye manufaa. Msitie neno msilolihakikisha, wala msitie sahihi juu ya msichokisoma, hata mkubwa wa kazi akiwahimiza. Nanyi wazazi, wafundisheni watoto kwamba tarakimu ni amana kama fedha. Kompyuta haitaulizwa Siku ya Kiyama. Ataulizwa aliyeandika ndani yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wakweli katika maandishi yetu na mizani zetu. Amin.