Afya ya Jamaa: Madoa Meusi Katika Picha ya Mifupa

Juma hili imetufikia barua ya binti yetu aliyeolewa Kendu Bay, kaunti ya Homa Bay. Mavyaa wake, akaaye Migori, alikatwa titi kwa ajili ya saratani. Baadaye mgongo ukaanza kumuuma, akasafirishwa usiku kucha kwa basi hadi Nairobi kupigwa picha ya mifupa. Wamerudi na bahasha yenye picha ya mwili mzima iliyotapakaa weusi, pamoja na ripoti ya Kiingereza. Watoto wameificha bahasha ile hadi siku ya kliniki, mama asije akafadhaika. Binti auliza: je, weusi wote ule ni saratani?

La, sio wote. Picha hii si kama eksirei. Mgonjwa hudungwa mshipani dawa yenye mnururisho hafifu, iitwayo teknetiamu, iliyofungamanishwa na kiini kipendwacho na mifupa. Husubiri saa mbili hadi nne huku akinywa maji kwa wingi, kisha hulazwa chini ya kamera. Nguvu ya dawa hupungua kwa nusu kila baada ya saa sita, basi mama hana hatari kwa wajukuu wake leo.

Dawa hujikusanya zaidi pale mfupa unapojijenga upya kwa kasi, na hapo picha huonyesha doa jeusi. Kamera haioni saratani; yaona mfupa ulio kazini. Saratani humfanya mfupa ujijenge hivyo, lakini hata ubavu uliovunjika na kuunga hufanya hivyo, na magoti yaliyolika kwa uzee, na jino bovu tayani. Figo na kibofu navyo huonekana vyeusi kwa sababu dawa hutokea kwenye mkojo. Nimeona jamaa wakilia kwa ajili ya kibofu kilicho kizima kabisa!

Mtaalamu hutazama mpangilio. Weusi ulio sawasawa katika magoti mawili au mabega mawili aghalabu ni uchakavu. Doa moja la ubavuni mara nyingi ni jeraha la kale. Madoa mengi yaliyotawanyika bila ulinganifu kwenye uti wa mgongo, nyonga, mbavu na fuvu hutia shaka zaidi, kwani huko ndiko saratani ya matiti hupenda kuhamia. Pakiwa na shaka, huagizwa eksirei au picha nyingine ya mahali hapo, na pengine hutolewa kipande kidogo cha mfupa kikapimwe. Tena, mgonjwa aliyeanza matibabu karibuni huweza kuonyesha madoa yaliyokolea kuliko awali, kumbe ni mfupa unaopona.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wana wa mama huyu, ijapokuwa nia yao ni ya huruma. Ni nani atakayemwambia daktari kwamba mama aliwahi kuanguka na bodaboda, au kwamba bega lamuuma tangu miaka ya kubeba ndoo za omena kutoka ziwani? Ripoti haiyajui hayo. Ayajuaye ni yeye. Mwambieni kwa upole, nendeni naye kliniki, mchukue picha zote za zamani na karatasi za upasuaji, kisha mwacheni azungumze kwanza.

Na ikithibitika kwamba saratani imefika mifupani? Sitawadanganya: kwa kawaida haiondoki kabisa. Lakini hutibiwa, na wako wanawake waishio nayo kwa miaka. Wapo wanaopewa vidonge vya kupinga homoni, wapo wanaopewa sindano za kuimarisha mifupa, na maumivu ya mahali pamoja huweza kutulizwa kwa mionzi, wakati mwingine kwa kikao kimoja tu. Mofini nayo ni dawa halali ya maumivu. Msiiogope ikiandikwa na daktari.

Jambo moja halingoji kliniki. Mama akilegea miguu, akifa ganzi mapajani, au akishindwa kuzuia mkojo au choo, huenda uti wa mgongo unabanwa. Mpelekeni siku hiyo hiyo hospitali ya rufaa ya kaunti, Migori au Homa Bay, ikiwa ni usiku wa manane.