Kazi ya Mkono Wako: Pete za Mpira Zilizochoka Ndani ya Injini



Mwezi huu nataka kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo, ambacho upana wake haupiti kikuku cha mtoto mchanga, na ambacho nusura kiwauzishe mayatima mali yao kwa bei ya chuma chakavu. Kitu chenyewe ni pete ya mpira. Najua akina mama wengine watataka kufunua ukurasa wa mapishi watakapoona habari za injini, lakini nawaomba wasubiri kidogo, kwani jambo hili liliingia nyumbani kabla ya kuingia gereji.

Ndugu yangu alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, katika vitu alivyoviacha palikuwa na motokaa ya fahari ya viti viwili, BMW aina ya Z3, ya mwaka 2001, yenye injini ya silinda 6. Aliiagiza kutoka Uingereza mwaka 2007. Mimi sikupata kuisifu hata siku moja. Motokaa ya viti viwili kwa mtu mwenye watoto watatu ni kichekesho, nami nilimwambia hivyo, naye akacheka. Sasa watoto hao wako chini ya uangalizi wangu: kijana wa miaka 19 na dada zake wawili walioko shule. Shemeji yangu aliona, na aliona sawa, kwamba motokaa iuzwe ili ada za wasichana zipatikane.

Walakini motokaa ilikuwa mgonjwa. Asubuhi ikiwashwa ilitetemeka kama mtu mwenye homa. Barabarani ilikuwa nzito, haina nguvu mpaka injini ipite mizunguko kama 3000 kwa dakika, kisha ghafla huruka mbele kana kwamba imeamshwa usingizini. Kupanda kilima cha Mazeras nayo ilikuwa aibu, malori yakitupigia honi nyuma. Ilipelekwa gereji moja hapa Mombasa, ambayo sitaitaja, tukaambiwa injini imekufa na yatakiwa nyingine. Habari hiyo haikukaa gerejini. Siku ya tatu akaja mnunuzi, akazunguka motokaa mara moja bila hata kufungua boneti, akataja bei ambayo ingelipa ada ya mtoto mmoja kwa muhula mmoja.

Usiku ule kijana alinijia barazani. Akasema, "Ami, tukimpata mnunuzi mwingine, tuiwashe saa nzima kabla hajafika. Ikisha pata moto haitetemeki sana. Hatajua."

Nilimwuliza, "Na kesho yake asubuhi?"

Hakunijibu. Nami sikumkaripia, maana alikuwa akiwafikiria dada zake. Nilimwambia tu kwamba kabla ya kuificha maradhi yafaa kwanza tuyajue. Nimefanya kazi ya ufundi bandarini miaka mingi, na injini iliyokufa haifufuki inapopita mizunguko 3000. Hii ilikuwa na ugonjwa mwingine.

Sasa ndugu msomaji, tuitazame injini yenyewe. Kila silinda ina vali za kuingizia hewa na vali za kutolea moshi, yaani vilango vinavyofunguka na kufunga. Hufunguliwa na kamshafti mbili, ambazo ni mihimili yenye nundu, moja ya vali za kuingiza na moja ya vali za kutoa, nazo huzungushwa kwa mnyororo. Katika injini za zamani majira ya kufungua na kufunga yalikuwa mamoja tu, injini ikienda polepole au ikienda mbio. Lakini haja ya injini si moja: ikiwa polepole yataka vali zifuate majira haya, ikiwa mbio yataka mengine. Basi mwaka 1992 wahandisi wa BMW wakaanza kutia chombo wakiitacho Vanos, cha kuigeuza kidogo kamshafti ya kuingiza. Na kuanzia mwaka 1998, katika injini zao za kawaida za silinda 6, kikawa kinageuza kamshafti zote mbili.

Namna kifanyavyo kazi ni jambo la kupendeza. Mbele ya injini pana sanduku la aluminiamu lenye pistoni mbili ndogo ndani yake. Oili ya injini, kwa amri ya kompyuta, huzisukuma pistoni mbele au nyuma, na kila pistoni imefungwa kwenye mhimili mfupi wenye meno ya mshazari, kama hesi za parafujo. Kwa sababu ya mshazari huo, mhimili ukisukumwa, kamshafti huzunguka kidogo. Msukumo wageuka kuwa mzunguko. Mwenye kuelewa hesi ya parafujo ya mlango wake amekwisha kuelewa chombo hiki.

Kila pistoni imevikwa pete mbili, moja juu ya nyingine. Ya nje ni ya Tefloni, ngumu na yenye utelezi, nayo ndiyo igusayo ukuta. Ya ndani ni ya mpira, na kazi yake ni kuisukuma ile ya nje ibane vyema. Ugonjwa waanza kwenye mpira. Mpira wa nitrili ukikaa miaka katika oili ya moto hukauka, hugandamana na kupoteza msukumo wake. Pete ya nje hulegea, oili hupenya kando ya pistoni, na kamshafti haikai pale ilipoamriwa. Kompyuta yaamuru, pistoni haitii. Na mara nyingi hata taa ya hatari haiwaki, ndipo watu wakashindwa kujua ugonjwa uko wapi. Ajabu ni kwamba mpira uvumiliao joto hilo vizuri zaidi, uitwao Viton, umekuwa ukiuzwa tangu mwaka 1957. Na Tefloni yenyewe ni ya zamani kuliko mimi: iligunduliwa kwa bahati tu Marekani mwaka 1938 na Roy Plunkett, aliyekuwa akitafuta gesi ya majokofu.

Msikimbilie kununua pete, hata hivyo. Dalili kama hizi huletwa pia na bomba la mpira la kupitishia hewa likipasuka, au mabomba ya kupumulia ya injini yakioza, au plagi zikichoka. Mambo hayo ni rahisi kuyatazama na yanagharimu kidogo, kwa hiyo yatangulie. Sisi tulilikunja bomba la hewa kwa mkono tukitafuta ufa kwenye mikunjo yake, tukaliona zima. Plagi zilikuwa mpya. Ndipo tukaagiza pete mbili za Viton na mbili za Tefloni, gasketi ya sanduku, gasketi ya kifuniko cha juu, na washa mpya za bomba la oili. Vyote vilienea katika bahasha moja.

Tulianza Jumamosi baada ya sala ya alfajiri, injini ikiwa imelala baridi usiku kucha. Nilimwachia kijana aishike kazi. Mimi nikakaa juu ya ndoo, nikitazama.

Cha kwanza kutolewa ni feni, iliyofungwa kwenye pampu ya maji kwa nati kubwa ya milimita 32. Hapo ndipo tulipogombana. Kijana alivuta spana kwa upande wa kawaida wa kufungulia, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, akataka kuleta bomba la kurefushia spana. Nikampigia kelele aache. Nati ile ina hesi za kushoto: hufunguliwa kwa kuizungusha kama mshale wa saa. Na si hiyo peke yake. Ndani ya sanduku, skrubu ndogo zenye vichwa vya nyota, zinazofunga pistoni kwenye ile mihimili ya mshazari, nazo ni za hesi za kushoto. Feni ingemvumilia, skrubu zile hazivumilii. Ukizilazimisha kwa upande usio wake kichwa huharibika au hukatika, na hapo kazi ya siku mbili huwa kazi ya wiki tatu. Nilimfanya aandike neno KUSHOTO kwa chaki ukutani, naye akaandika kwa herufi kubwa mno, akiwa amenuna.

Baada ya feni alitoa koili sita, kila moja na alama yake, kisha tapeti kava, yaani kile kifuniko cha juu. Ni cha plastiki, kwa hiyo wakati wa kurudisha hakitaki nguvu za ubishi: Nyutoni-mita 10 zatosha, na mwenye haraka hukipasua. Tukatoa waya na bomba la oili lililoungwa kwenye sanduku. Nikatia matambara safi katika kila tundu lililotazama mnyororo. Hii ni kazi ya kuchosha na haina sifa, lakini saa nne nati moja ilimponyoka kijana vidoleni, ikaanguka juu ya tambara langu, ikakaa pale iking'aa. Alinitazama, nami nikatazama pembeni.

Sanduku linatoka kwa kufungua vifuniko viwili vya mbele, kisha skrubu zile za kushoto, kisha nati za sanduku lenyewe, na kulivuta moja kwa moja bila kulipindisha. Mihimili ya meno hubaki mahali pake kwenye injini. Kuanzia hapo, mpaka sanduku lirudi, injini isizungushwe hata kidogo, wala motokaa isisukumwe ikiwa ndani ya gia. Injini hii ni ya namna ambayo majira yakipotea, pistoni kubwa hukutana na vali zilizo wazi, zikapinda. Hapo yule fundi wa gereji angekuwa amesema kweli, na sisi ndio tungekuwa tumeifanya iwe kweli. Niliondoa ufunguo, nikautia mfukoni, nikamwambia shemeji asimpe mtu yeyote.

Pete za zamani hukatwa kwa kiwembe kidogo, kwa kuinua ncha, bila kuikwaruza pistoni. Tulipoitoa ile ya mpira kijana aliishika akashangaa. Haikuwa ya mviringo tena. Ilikuwa imekuwa bapa na yenye kingo. Tuliiangusha juu ya sinia pamoja na mpya. Mpya iliruka. Ya zamani ililia kama kipande cha kifuu. Sikuwa na haja ya kueleza zaidi.

Kuivika pete mpya ya mpira ni rahisi. Ya Tefloni ni ngumu, haitaki kutanuka, na ukiilazimisha hukunjika. Shemeji ndiye aliyetusaidia hapa bila kukusudia, kwa kupita na birika la chai. Tuliiloweka pete katika maji ya moto dakika chache ikalainika, kijana akaivika upande mmoja kwanza kisha akaizungusha kwa kidole gumba, kama mtu avishaye mto foronya. Ilitanuka ikawa imezidi kiasi, lakini tukiisha ipaka oili na kuiingiza pistoni polepole katika silinda yake, ikarudi kipimo. Pistoni iliyokuwa ikiteremka kwa uzito wake sasa ilitaka kusukumwa. Tulitikisa pia beringi ndogo iliyo ndani ya pistoni kuona kama ina mchezo, kwani ikichoka hulia kama kokoto koponi, na dawa yake ni nyingine. Ilikuwa salama.

Mengine ni kurudisha kwa mpangilio uleule uliogeuzwa, pamoja na gasketi mpya na oili mpya. Tulimaliza Jumapili adhuhuri.

Ilipowashwa iligonga kwa sekunde kadhaa, sauti mbaya ya chuma, na kijana akanyoosha mkono kuzima. Nikamshika. Lile sanduku lilikuwa tupu na lilikuwa likijaa oili. Kisha kelele zikafa, injini ikatulia. Alasiri tulikwenda Mazeras. Sitaeleza tulikwenda kwa mwendo gani, kwa kuwa shemeji husoma ukurasa huu.

Mnunuzi wa pili alikuja Jumatano. Nilikuwa nimemwambia aje saa moja ya asubuhi, kabla motokaa haijawashwa. Kijana alimfungulia boneti, akamwambia agusa injini kwa mkono wake ajue ni baridi, kisha akampa ufunguo aiwashe mwenyewe. Akamweleza kila tulichokifanya, na akamweleza, bila ya kuulizwa, kwamba dirisha la nyuma, ambalo ni la plastiki, limefifia na litataka kubadilishwa. Mimi nilikuwa barazani nikifanya kama nasoma gazeti. Mnunuzi alipunguza bei kwa ajili ya dirisha, kama ilivyo haki yake. Juu ya injini hakusema neno. Bei waliyoafikiana ilikaribia mara tatu ya ile ya kwanza, na ada za wasichana zimekwisha kulipwa.

Kijana hakuzitupa pete za zamani. Amezitia katika kikombe cha kahawa, akakiweka juu ya rafu chumbani kwake, na mama yake amekwisha kuuliza mara mbili kikombe chake cha sita kiko wapi.