Mikono Iliyokatwa na Mikono Iliyozuliwa

Wazee wetu walisema kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Ni methali njema katika mtaa wa watu wanaojuana, ambamo neno halimtoki mtu kinywani ila jirani yake anajua limetoka kwa nani na limepita wapi. Walakini wakati wa vita, neno linapopigwa chapa, likavuka bahari na kusomwa na watu wasioweza kwenda kulichungua pale lilipozaliwa, methali hiyo hugeuka mtego, kwa kuwa lisemwalo huweza kuwa halipo kabisa, wala haliji, na bado likaaminiwa na maelfu. Ninalotaka kulieleza leo ni hili: uongo wa vita haumdhuru adui peke yake, wala haufi siku ya sulhu, bali ni deni linalokopwa kwa jina la wanyonge, na wanaokuja kulilipa ni wanyonge wengine ambao hawakukopa hata senti moja.

Tuitazame kadhia ya Ubelgiji, ambayo kwayo magazeti ya karne iliyopita yalijifunza kazi hii. Tarehe 4 Agosti 1914 majeshi ya Ujerumani yaliingia katika nchi ile ndogo, ambayo mataifa makubwa yalikuwa yamejifunga kwa mkataba kutoiingiza katika magomvi yao. Askari walikuwa na hofu ya raia wenye bunduki waliodhaniwa kujificha madirishani na darini; hofu hiyo, ambayo aghalabu haikuwa na msingi, na mara nyingine ilitokana na risasi za wenzao wenyewe, iligeuka ghadhabu, na ghadhabu ikageuka mauaji. Tarehe 23 Agosti, katika mji wa Dinant ulio kando ya mto Meuse, waliuawa watu 674, wazee kwa vijana, na miongoni mwao watoto wachanga. Siku mbili baadaye mji wa Leuven ulitiwa moto, na maktaba ya chuo kikuu chake ikateketea pamoja na vitabu zaidi ya 200,000 na miswada ya kale isiyokuwa na nakala popote. Wanahistoria waliozipekua nyaraka za pande zote mbili wamehesabu raia wapatao 6,500 waliouawa na jeshi hilo, Ubelgiji na kaskazini mwa Ufaransa, katika miezi ya mwanzo ya vita. Hesabu hiyo yatosha kumliza mwenye moyo. Haikuhitaji kutiwa chumvi na mtu yeyote.

Lakini kweli haikuachwa isimame kwa miguu yake. Upande wa Ujerumani ulichagua kukana. Mwezi Oktoba wanazuoni na wasanii 93 wa nchi hiyo, miongoni mwao Max Planck na Wilhelm Röntgen, watu ambao elimu yao ulimwengu mzima unayala matunda yake hadi leo, walitoa tangazo la kukanusha kwamba jeshi lao lilimgusa Mbelgiji yeyote isipokuwa kwa kujitetea. Na baadhi yao wakaja kukiri kwamba walilitia saini bila hata kulisoma. Upande wa Uingereza ulichagua kuongeza. Tangu alfajiri ya 5 Agosti nyaya za telegrafu za Ujerumani zilizolazwa chini ya bahari zilikuwa zimekatwa, hata habari nyingi za kwenda Marekani zikawa hazina budi kupitia London. Mwezi Septemba iliundwa kwa siri ofisi ya propaganda katika jumba la Wellington House, chini ya Charles Masterman, nayo ikawaita waandishi mashuhuri, kama Arthur Conan Doyle, H. G. Wells na Thomas Hardy, waitie nguvu kwa kalamu zao. Kisha Mei 1915, siku tano tu baada ya nyambizi ya Kijerumani kuizamisha meli ya Lusitania, ikatolewa ripoti ya kamati ya Lord Bryce juu ya ukatili wa Ubelgiji.

Bryce alikuwa mwanachuoni na mwanasheria mwenye heshima, aliyewahi kuwa balozi wa nchi yake Marekani, na heshima yake ndiyo iliyokuwa muhuri wa kitabu. Ripoti ilijengwa juu ya maelezo ya watu wapatao 1,200. Lakini mashahidi hao hawakula kiapo, majina yao hayakuchapwa, na wajumbe wa kamati hawakuonana nao wala kuwauliza swali. Ndani yake mambo ya kweli ya Dinant na Leuven yalikaa jamvi moja na hadithi za watoto waliochomwa kwa singe na watoto waliokatwa mikono. Ikafasiriwa kwa lugha zipatazo 30, na magazeti yakachukua humo, si yale yaliyothibitika, bali yale yaliyotisha. Mtoto wa Kibelgiji asiye na mikono akaingia katika picha za kuchora, katika hotuba na katika mahubiri; akatafutwa na watu wenye nia njema waliotaka kumlea; asipatikane hata mmoja aliyethibitika.

Hapa sisi tusomao Kiswahili, na hususan ndugu zetu wa Kongo, tuna haki ya kusimama kitambo na kuuliza. Maana mikono iliyokatwa ilikuwapo, ila haikuwa ya watoto wa Brussels. Katika Kongo ya mfalme Leopold II, huyo huyo aliyekuwa mfalme wa Wabelgiji, askari walitakiwa walete mikono ya maiti kuwa ithibati ya kwamba risasi walizopewa hazikupotezwa bure, na wako waliokatwa wakiwa hai. Mwezi Mei 1904, katika misheni ya Baringa, alifika mtu mmoja aitwaye Nsala, akiwa na kifurushi cha majani. Na kilipofunguliwa, mlikuwa na kitanga kidogo cha mkono na mguu mdogo, mabaki ya binti yake aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Bibi Alice Seeley Harris, mmisionari wa pale, alimpiga picha. Nsala ameketi ukingoni mwa baraza, uso ameuelekeza chini, akivitazama vipande viwili vilivyowekwa mbele yake, kama mtu anayejaribu kuamini kwamba hivyo ndivyo vilivyobaki. Anayeitazama picha ile haombwi kumchukia mtu. Anaombwa kutazama tu, na kutazama kunatosha.

Miaka 10 na miezi michache baada ya picha hiyo, mkono uliokatwa ukawa umehama. Magazeti ambayo mengi yao yalikuwa mazito kuisadiki Kongo, iliyokuwa na picha, majina na mashahidi, yaliisadiki kwa siku moja hadithi ya Ubelgiji isiyokuwa na hata kimoja cha hivyo. Naye E. D. Morel, mtu aliyefanya kazi kubwa kuliko wengi kuitangazia dunia mikono ile ya kweli, alipokataa kuimba wimbo wa vita alitupwa jela Uingereza mwaka 1917 kwa miezi 6, kosa lake likiwa ni kupeleka maandiko yake Uswisi. Sijui ithibati iliyo wazi zaidi ya hiyo kwamba propaganda haina haja na mateso. Ina haja na matumizi yake.

Katika nchi zilizotamalakiwa kazi ilifanywa kwa ustadi wa namna nyingine. Tangu Novemba 1914 Wajerumani walichapisha huko Charleville gazeti la Kifaransa liitwalo Gazette des Ardennes, kwa ajili ya Wafaransa waliobaki nyuma ya mstari wa mapigano, ambao hawakuweza kupata gazeti jingine wala barua kutoka kwa jamaa zao. Nani angelisoma gazeti la adui? Wakalisoma, kwa sababu kurasa zake zilichapa majina ya askari wa Kifaransa waliotekwa. Mfikirie mama ambaye tangu Agosti hana habari ya mwanawe, kama yu hai au amezikwa. Ananunua karatasi ile anayoichukia, anashusha kidole mstari kwa mstari akitafuta jina moja, na jicho lake, likiwa njiani, linapita juu ya mengine yote yaliyoandikwa kwa ajili yake. Majina yalikuwa ya kweli. Ndiyo yaliyokuwa chambo. Hakuna mvuvi avuaye kwa ndoana tupu, na uongo wa hatari kuliko wote ni ule uliofungwa kwenye kipande cha kweli ambacho moyo wa mtu una njaa nacho.

Huko Brussels wako waliojibu. Magazeti mengi ya zamani yalifunga milango yao kuliko kupitia mkononi mwa mkaguzi wa Kijerumani, na mwezi Februari 1915 likazaliwa gazeti la siri, La Libre Belgique, lililojitangaza kuwa halitokei kwa wakati maalumu, na lililoandika kwamba anwani yake ni makao makuu ya jeshi la Wajerumani wenyewe. Gavana Mkuu wa Kijerumani, von Bissing, aliletewa nakala zake hadi mezani pake. Lilitoka matoleo 171 hadi vita vikaisha, na wako waliolipa kwa roho zao: Philippe Baucq, aliyekuwa akilisambaza, alipigwa risasi tarehe 12 Oktoba 1915 pamoja na muuguzi Edith Cavell, kwa hukumu ya kuwasaidia askari kutoroka. Gazeti hilo nalo lilikuwa na upande wake, wala halikujificha. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mtu asemaye waziwazi, mimi ni wa upande huu, akahatarisha shingo yake, na ofisi inayojificha nyuma ya jina la mtu mwingine ili isitambulike.

Kisha likaja lililovuka mpaka. Mwezi Aprili 1917 magazeti ya The Times na Daily Mail ya London yalichapa habari kwamba Wajerumani wana kiwanda ambamo maiti za askari wao wenyewe zinayeyushwa kupata mafuta. Habari ilisimama juu ya neno moja la Kijerumani, Kadaver, ambalo katika lugha hiyo hutumika kwa mizoga ya wanyama. Na kiwanda chenyewe kilikuwa cha mizoga ya farasi. Wajerumani walikanusha, nani angewasikiliza? Hata Desemba 1925 ndipo Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, Austen Chamberlain, alipokubali mbele ya Bunge kwamba habari ile haikuwa na msingi. Miaka 3 baadaye Arthur Ponsonby akakusanya uongo wa pande zote katika kitabu, na wasomaji wakaona haya, kisha wakaingiwa na kiburi: wakaapa kwamba hawatadanganywa tena. Pamoja na mikono ya uzushi wakaitupa na hesabu ya kweli ya Dinant, na wafu 674 wakahesabiwa kuwa ngano.

Dawa ya deni ni kulipa, na siku ya kulipa ilifika. Mwaka 1942 habari zilianza kutoka Poland kwamba Wayahudi wanaangamizwa kwa maelfu kwa maelfu, na kwamba wanauawa kwa gesi. Zilikuwa za kweli, na kweli yenyewe ilikuwa kubwa kuliko habari. Lakini watu waliokuwa na vyeo vya kutenda jambo walikuwa ndio vijana wa mwaka 1917, na walikumbuka. Mwezi Agosti 1943 Victor Cavendish-Bentinck, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya upelelezi ya Uingereza, aliandika kuzitilia shaka habari za vyumba vya gesi, na hoja aliyoitoa ilikuwa kwamba zinafanana na ule uongo wa vita vilivyopita wa kiwanda cha maiti. Sisemi kwamba waliouawa wangeokolewa wote kama wangeaminiwa mapema. Nasema kwamba walipopiga kelele ya kuomba msaada, sauti yao ilikuta masikio yaliyokwisha kuzibwa na wachapaji wa London, miaka 26 kabla.

Wako watakaosema kwamba taifa lililoingiliwa na adui lina ruhusa ya kutumia kila silaha, na kwamba kalamu ni silaha. Nawajibu kwamba Ubelgiji haikuwa na haja ya uzushi, kwa sababu haki ilikuwa upande wake; aliye na hati ya shamba lake haghushi hati nyingine, na akighushi, hakimu ataichana ya kweli pamoja na ya uongo. Tena propaganda haisemi uongo kwa kinywa tu, husema na kwa kimya. Katika miaka hiyo hiyo ambayo dunia ililizwa na mikono isiyokuwapo, makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa, maradhi na mizigo katika vita vya Waingereza na Wajerumani hapa kwetu, na hakuna bango lililochorwa kwa ajili yao. Kariakoo yetu, ambayo jina lake ni jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndiyo kumbukumbu yao, na wengi wanaonunua nyanya pale hawaijui.

Basi naomba mambo machache, nami nayaomba kwa moyo wote. Mhariri asichape habari ya ukatili isiyokuwa na mahali, siku na shahidi anayeweza kuulizwa, hata kama inamfaa mtu anayempenda. Na ikidhihiri kuwa batili, aikanushe katika ukurasa ule ule na kwa herufi za ukubwa ule ule. Msomaji naye, anapoletewa katika simu picha ya mtoto aliyeumizwa katika vita vya mbali, na vidole vikamuwasha kuipeleka kwa jamaa, aulize kwanza: mtoto huyu ni nani, ni wapi, ni lini? Kuuliza hivyo si ukosefu wa huruma. Ndiyo huruma yenyewe, maana ni kumtambua mtoto kuwa ni mtu, si kuni ya kuchochea moto wa wengine.

Mwaka 2001 mjumbe wa serikali ya Ujerumani alikwenda Dinant akaomba radhi kwa yaliyotendeka huko mwaka 1914. Aliweza kuomba kwa sababu mji ule, katika miaka yote ya kukanwa na kubezwa, ulikuwa umeyatunza majina ya wafu wake, moja baada ya moja. Watoto waliozuliwa hawakuombwa radhi na mtu, maana hawakuwa na majina. Binti wa Nsala alikuwa nalo. Aliitwa Boali.