Gari la Kijapani likishushwa: Japani wanapima kwa rula, Congo wanaomba karatasi

Toyota Mark II ya miaka ya 1990 inayotembea leo katika barabara za Lubumbashi imekwisha kupita katika mikono mingi. Ilitumika Japani, ikauzwa kama okazyo, ikapanda meli hadi Dar es Salaam, ikakata Tanzania na Zambia kwa barabara na kuingia Congo kupitia Kasumbalesa. Volani yake ingali kuume. Na mara nyingi mwenye gari wa sasa, ikiwa ni kijana, ana wazo moja kichwani: kulishusha, ili magurudumu yajae vizuri ndani ya mabawa na gari likae karibu na lami kama yale anayoyaona kwenye simu.

Wazee wengi wanaona ni kujionyesha tu. Pengine ni hivyo. Lakini nyuma ya kujionyesha huko kuna swali linalomhusu kila mwenye gari mashariki mwa nchi, hata yule wa taksi ambaye hana muda wa mapambo: nani anaamua kwamba gari lililobadilishwa lingali na haki ya kutembea barabarani, na anaamua kwa kuangalia kitu gani?

Kule gari lilikotengenezwa, jibu linajulikana. Chini ya sheria ya magari ya mwaka 1951, gari la kawaida la mtu binafsi linapita katika ukaguzi unaoitwa shaken: mara ya kwanza miaka 3 baada ya kuandikishwa likiwa jipya, kisha kila miaka 2. Bila ukaguzi huo gari halitoki nyumbani. Kushusha gari hakukatazwi. Kinachotakiwa ni kwamba kati ya ardhi na chuma cha chini kabisa cha gari ibaki nafasi ya sentimita 9. Mkaguzi anapima. Zikibaki 8, gari limeanguka, hata kama mwenyewe ana maneno mazuri.

Mark II ilitoka kiwandani na nafasi ya karibu sentimita 15. Hesabu ni rahisi: anayeishusha kwa sentimita 5 bado yuko ndani ya sheria, anayeishusha kwa 7 amejitoa mwenyewe. Lakini rula haimalizi kazi. Gari likiinuliwa kwa jeki hadi magurudumu yaning'inie, resori haipaswi kucheza ndani ya makao yake. Ukingo wa chini wa taa za mwanga mfupi unatakiwa kuwa angalau sentimita 50 juu ya ardhi. Tairi zisitokeze nje ya mabawa. Kioo cha mbele na vile vya milango ya mbele vipitishe asilimia 70 ya mwanga, na hapo ndipo karatasi nyingi nyeusi za vioo zinabanduliwa.

Mwaka 1995 Japani ililegeza masharti. Serikali ilitoa orodha ya vipuri, resori na amortiseri zikiwa ndani yake, ambavyo mtu anaweza kuvibadilisha bila kuandikisha gari upya, mradi vipimo vya usalama viheshimiwe. Kwa mabadiliko yaliyo nje ya orodha hiyo kuna mipaka: kimo cha gari kikibadilika kwa zaidi ya sentimita 4, au upana kwa zaidi ya 2, gari linapelekwa kwenye ukaguzi maalum na karatasi zake zinaandikwa upya. Vijana wa Mark II, Chaser na Cresta wakapata njia ya kufanya mambo yao mchana, mbele ya macho ya serikali. Usalama haukulegezwa. Serikali iliacha tu kupigana na mapendezi ya watu, ikabaki na vipimo vyake.

Ujerumani inafika mahali pale pale kwa njia nyingine. Huko resori ya kushusha inauzwa pamoja na cheti kinachotaja ni ya gari la aina gani, na mkaguzi wa TÜV anaweza kusoma cheti hicho kisha akaangalia kama fundi amefanya kazi inavyotakiwa. Karatasi ipo, lakini karatasi hiyo inazungumzia chuma.

Congo haikosi sheria. Kode ya barabara ni ya tarehe 30 Agosti 1978, na nchi imo katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya usafiri wa barabarani, ambao una sehemu nzima kuhusu freni, taa na hali ya mitambo. Tatizo linaonekana pale polisi ya barabarani, PCR, inaposimamisha gari. Kinachoombwa ni permi, karte roze, asiransi, vinyeti na karatasi ya kontrole tekniki. Ni nadra sana kumwona mtu akipiga magoti kuangalia chini ya gari.

Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Kijana aliyenunua resori fupi zilizotengenezwa kwa gari lake, akazifunga vizuri pamoja na amortiseri zinazolingana nazo, anasimamishwa kila kona kwa sababu gari lake «si la kawaida». Hana kanuni ya kumwonyesha polisi, na polisi hana kipimo cha kumwonyesha yeye. Kinachobaki ni mazungumzo, na kila mkaaji wa mji anajua mazungumzo hayo yanaishia wapi. Mwingine aliyekata resori kwa msumeno wa umeme anapita bila shida kwa kuwa karatasi zake ni mpya na gari lake halikushuka sana.

Na huyo wa pili ndiye wa kuogopwa. Kukata resori ni njia ya bei rahisi, na inafanyika katika garaji nyingi za kando ya barabara. Wengine hawakati, wanaichoma kwa shalumo hadi ilegee na kukaa chini. Chuma cha resori kimepikwa kiwandani ili kiwe kigumu na kirudi kila kinapobanwa. Kikipashwa moto hivyo kinapoteza nguvu hiyo, na hakuna anayejua kitavunjika siku gani. Resori iliyokatwa nayo inakuwa fupi kuliko makao yake: gurudumu likishuka ndani ya shimo, resori inaachia, na inaporudi inaweza kukaa upande. Amortiseri ya kawaida iliyobaki juu yake inagonga mwisho wa mwendo wake kila siku mpaka inavuja. Tairi zinainama kwa ndani na kuliwa upande mmoja. Fundi asiyepeleka gari kwenye paralelismi baada ya kazi hiyo amefanya nusu ya kazi.

Jambo ambalo halizungumzwi kabisa ni taa. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya nchi inayotembea kushoto, kama Japani, linatupa mwanga mfupi wenye kupanda kidogo upande wa kushoto, ili kuangaza ukingo wa barabara na watu wanaotembea kwa miguu. Congo inatembea kuume. Kushoto ndiko anakotokea dereva mwingine. Skrubu ya kurekebisha taa inashusha mwanga wote, lakini haihamishi umbo lake. Dawa ya kweli ni taa zilizotengenezwa kwa nchi zinazotembea kuume. Ongeza hapo gari lililoshushwa mbele tu, kisha likapakiwa watu watatu nyuma na mifuko ya unga katika kofa: mkia unazama, pua inapanda, mwanga unaingia moja kwa moja machoni mwa anayekuja. Rwanda ilikata tatizo hilo mapema kwa kuzuia, tangu mwaka 2005, kuingiza magari ya volani ya kuume. Kwa mashariki mwa Congo, ambako bandari za karibu ni Dar es Salaam na Mombasa, zote katika nchi zinazotembea kushoto, amri ya namna hiyo ingegusa mkate wa watu wengi.

Kaskazini zaidi, mambo yanageuka. Huko Kivu ya Kusini, dereva anayeteremka milima ya Ngomo kwenye barabara ya kitaifa namba 5, kati ya Bukavu na Uvira, haoti kushusha gari. Anataka kulipandisha. Fundi anaweka kale za chuma au za mpira juu ya resori, na gari lile lile la Kijapani linapata sentimita kadhaa za kuokoa karteri yake kwenye mawe. Hakuna anayeliita hilo mapambo. Hata hivyo ni badiliko lile lile: bomba la freni linavutwa, gari linakuwa jepesi kupinduka kwenye kona, taa zinapanda. Kama siku moja kontrole tekniki itaanza kupima, itabidi iwapime wote wawili, kijana wa Lubumbashi na taksi ya Bukavu.

Kuna upande wa pesa pia. Asiransi ya gari kwa ajili ya madhara yanayowapata wengine ni ya lazima tangu sheria ya Januari 1973, na sheria ya mwaka 2015 ilifungua soko ambalo SONAS ilikuwa imelishika peke yake. Kampuni inapokuwa na mashindano, inasoma faili kwa makini zaidi. Mwenye gari ambaye hakutangaza kwamba amebadilisha resori, au ukubwa wa magurudumu, anaiwekea kampuni mezani sababu ya kubishana siku ya ajali.

Kuandika vipimo vinne au vitano hakudai pesa nyingi: nafasi ya chini, resori isiyocheza, kimo cha taa na upande zinakomulika, tairi ndani ya mabawa. Kinachogharimu ni shimo la ukaguzi, jeki, mashine ya taa, na mkaguzi anayelipwa mshahara wake kwa wakati. Bila huyo wa mwisho, vipimo vinageuka orodha nyingine ya makosa ya kuuzwa barabarani, na hofu hiyo ya madereva ina msingi.

Kwa sasa, anayetaka kushusha gari lake bila kuhatarisha watu anaweza kupima mwenyewe, na asipime likiwa tupu. Ajaze mafuta, awaweke watu watano ndani, kisha apeleke rula chini ya ekzosi na chini ya karteri. Lami ya kwenda Kasumbalesa inaweza kumvumilia na sentimita 9. Njia ya kutoka lami hadi mlango wa nyumba yake, wakati wa mvua, ni ya kupimwa pia.