Siku Risasi Zilipokataa Kuwa Maji

Mwaka 1904 na mwanzoni mwa 1905 njia za kwenda Ngarambe zilijaa watu. Walitoka Umatumbi, Ungindo na bondeni mwa Rufiji, wakifuatana misururu kwa misururu, wakiulizia kwa Kinjikitile Ngwale. Habari zake zilikuwa zimewafikia kwa kunong'onezana, mtu na shemeji yake, jirani na jirani: kuna bwana amezama majini, ndugu zake wakajaribu kumvuta wasimweze, kisha akaibuka nguo zake zikiwa kavu, na sasa anagawa dawa. Ni maji yenye mafuta ya mbarika na punje za mtama. Atakayeipata, risasi ya Mjerumani itamtiririka mwilini kama maji. Kinjikitile alijenga hapohapo nyumba kubwa, ikaitwa Kijumba-Nungu, nyumba ya Mungu.

Watu wale wasichekwe. Tangu mwaka 1902 walikuwa wakilimishwa pamba kwa amri, na ujira wake ulikuwa wa kusikitisha, huku kodi ikidaiwa na kiboko cha akida wa Mjerumani kikiwa karibu. Mtu aliyebanwa hivyo hutafuta zindiko. Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba bila kungoja ishara ya mtu wa Ngarambe, na vita ya Majimaji ikaanza. Wajerumani walimkamata Kinjikitile wakamnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti, lakini maji yake yalikuwa yamekwisha kusambaa. Tarehe 30 Agosti maelfu walilishambulia boma la Mahenge wakiamini wamezindikwa, wakapokelewa na bunduki za rashasha. Waliokuja nyuma walikanyaga maiti za waliotangulia. Kisha Wajerumani wakachoma vyakula na mashamba, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Serikali yao wenyewe ilikadiria waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa huku, alifikisha hesabu kati ya 250,000 na 300,000.

Mkristo anaweza kuisoma habari hiyo akajipigapiga kifua: wale walitegemea maji, sisi tunamtegemea Mungu aliye hai. Asiharakishe. Kitabu chake mwenyewe kina habari inayofanana na hiyo mno, nayo imo katika Samweli wa Kwanza, sura ya 4. Waisraeli walipiga kambi Ebenezeri, wakapigwa na Wafilisti, wakafa kama 4,000. Wazee wakashauriana: tulete sanduku la agano kutoka Shilo, liwe katikati yetu, litatuokoa. Sanduku likaja, kambi ikapiga kelele hata nchi ikavuma. Siku hiyo walikufa 30,000, sanduku lenyewe likatekwa, na mzee Eli akaanguka kitini akafa aliposikia. Kitu kitakatifu kuliko vyote walivyokuwa navyo kilikuwa kimebebwa vitani kama hirizi.

Na jiwe la Samweli, lile linalotajwa katika kila ibada ya shukrani, liko sura tatu mbele. Katikati imepita miaka 20 ya maombolezo, sanamu zimeondolewa, watu wamefunga na kukiri makosa yao huko Mispa. Ndipo jiwe linasimamishwa, na kati ya majina yote linapewa jina lilelile la mahali walipoaibika, Ebenezeri. Wahubiri wengi hurukia sura ya 7 wakaiacha ya 4 nyuma, na hapo ndipo ukumbusho wa uaminifu wa Mungu unapoharibika katika makanisa yetu. Tunakumbuka nusu tu.

Sikiliza ushuhuda siku ya mkesha wa mwaka mpya. Mmoja amepata kazi, mwingine amepata viza, mwingine gari lilipinduka akatoka bila mchubuko. Kusanyiko linaitikia Mungu ni mwema, na kweli ni mwema. Lakini katika benchi lilelile ameketi mama ambaye mwanawe alikuwa katika gari jingine, naye hakutoka. Hakuna anayempa kipaza sauti. Akirudi nyumbani amejifunza jambo moja, kwamba uaminifu wa Mungu huonekana kwa walionusurika, na yeye kwa hiyo amekosa kitu: imani, sadaka, au labda dawa yenyewe.

Dawa haikosi mwuzaji. Mwaka 2011 nchi nzima, na nchi jirani, ilielekea Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila. Kikombe cha dawa yake kilikuwa shilingi 500 tu, na haki yake tumpe, hakutajirika kwa bei hiyo. Msururu wa magari ulikwenda kilomita nyingi. Wagonjwa wengine walifia njiani, wengine waliacha dawa za hospitali. Februari 1, 2020, uwanjani Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakigombea kupita juu ya mafuta yaliyoitwa ya upako. Hao hawakuwa wapagani wa mwaka 1905. Walikuwa waumini, wengi wamesoma, wana simu mkononi na Biblia kwenye mkoba. Kati ya mafuta yale na maji ya Ngarambe tofauti ni ndogo kuliko tunavyopenda kukiri, tena wa Ngarambe walikuwa na udhuru mkubwa zaidi, maana walisongwa na bunduki.

Yanayokumbukwa na Kanisa la kusini mwa Tanzania ni mazito kuliko hayo. Tarehe 14 Agosti 1905, siku kumi baada ya Kinjikitile kunyongwa, Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa Mikukuyumbu, upande wa Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Walikuwa safarini kwenda Peramiho, misheni aliyoianzisha Spiss mwenyewe mwaka 1898. Mwishoni mwa mwezi huohuo misheni yao ya Nyangao ikashambuliwa na Sista Walburga Diepolder akafa. Peramiho nayo ikachomwa. Masasi, kituo cha Waanglikana wa shirika la UMCA kilichoanzishwa mwaka 1876 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, kilichomwa pia, na hiyo ilikuwa mara ya pili: Wangoni walikuwa wamekiteketeza mwaka 1882.

Je, masista wale hawakuwa wamesali asubuhi ile? Walisali. Zaburi za kila siku za Wabenediktini zimejaa maneno ya ngome na ngao. Mikuki iliwapata vilevile kama risasi zilivyowapata watu wa Mahenge. Mkristo anayeshuhudia kwamba Mungu humkinga mtu wake na kila chuma, na aeleze kwanza habari ya Mikukuyumbu.

Kilichofuata ndicho kinachostahili kusimuliwa polepole. Mwaka uliofuata, majivu yakiwa bado mabichi, Wabenediktini walianzisha Ndanda, si mbali sana na Nyangao. Peramiho ikajengwa upya. Hospitali za sehemu hizo mbili zimetibu vizazi vya watu wa kusini bila kumwuliza mgonjwa babu yake alishika mkuki upande gani. Masasi ikainuka tena, na mwaka 1926 ikawa dayosisi yenye askofu wake, Vincent Lucas, mtu aliyejasiri kuuingiza mwenge wa Kikristo ndani ya jando badala ya kulilaani jando. Waliojenga walikuwa wengi wao wenyeji: walimu, makatekista, mafundi, akina mama waliobeba mawe. Majina yao hayamo vitabuni kama la Spiss, na hilo ni deni.

Hapo uaminifu unaonekana, lakini unaonekana kwa mtu aliyekubali kuhesabu makaburi. Anayefuta makaburi ili ushuhuda upendeze anabaki na majengo tu, na majengo kila dini inayo.

Iko nusu nyingine tena inayosahauliwa, nayo inauma kwa namna yake. Kumbukumbu la Torati sura ya 9 haiwaagizi Waisraeli wakumbuke baraka peke yake. Inawaagiza wasisahau jinsi walivyomkasirisha Mungu jangwani. Zaburi ya 78 ni ndefu, na sehemu kubwa yake ni orodha ya ukaidi wa baba zao. Taifa gani jingine liliimba makosa yake ibadani? Basi na Kanisa la hapa liimbe yake. Misheni zilichomwa kwa sababu machoni pa wapiganaji zilikuwa mkono mmoja na boma, na dhana hiyo haikutoka hewani. Miaka michache kabla ya vita mmisionari wa Peramiho alikuwa amekichoma kibanda cha mahoka cha Nkosi (chifu) Mputa Gama wa Wangoni, mahali alipotambikia mizimu ya ukoo wake. Mputa alinyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906 pamoja na wenzake, na mashujaa 67 wanakumbukwa pale kila mwaka tarehe hiyo. Baadhi yao walibatizwa na padri Mbenedikti siku zao za mwisho, kitanzi kikiwa tayari. Mtu aseme nini juu ya ubatizo wa namna hiyo? Aseme kwamba ulifanyika, autaje katika sala, na asiugeuze kuwa ushindi wa mtu yeyote.

Mkulima wa Rufiji angeweza kuwafundisha waimba shukrani. Akisimulia mafuriko hachagui nusu: anataja dungu lililochukuliwa na maji, mpunga uliozama, mtoto wa jirani aliyepotea, anataja pia mahindi ya mlau yaliyopandwa kwenye tope maji yalipokauka, yakazaa kuliko ya mvua. Aprili 2024 mto ulifurika tena, Mohoro na vijiji vingi vikazingirwa, mashamba yakapotea, watu wakahamia kambini. Makusanyiko machache ya Kikristo ya huko, mengi yakiwa ya walimu, wauguzi na wafanyabiashara waliotoka mikoa mingine, yalilala pembeni ya majirani zao Waislamu, ambao ndio wengi. Waliookolewa waliokolewa pamoja. Mkristo wa Rufiji anayesimulia wokovu wa mwaka ule kana kwamba mtumbwi ulimbeba yeye peke yake anasimulia vibaya.

Na Kibiti, jirani na Rufiji, ina kumbukumbu ambayo wengi wangependa kuipita upesi. Mwaka 2017 viongozi wa vijiji na wa chama waliuawa mmoja baada ya mwingine katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Tarehe 13 Aprili askari wanane walipigwa risasi hadi kufa Jaribu Mpakani. Watu waliomba sana, misikitini na makanisani. Amani ilirudi, leo mabasi ya Kilwa na Lindi yanapita usiku na wachuuzi wa korosho wanafanya biashara. Kumshukuru Mungu kwa amani hiyo ni wajibu. Lakini wako wajane ambao amani ilichelewa kuwafikia, na wako watu ambao hadi leo familia zao hazijui walikoishia. Shukrani isiyowapa nafasi hao hugeuka kuwa njia ya kuwanyamazisha. Zaburi ya 44 huanza kwa kusimulia mambo makuu ambayo baba walihadithia, kisha inageuka ghafla na kumlalamikia Mungu kwamba amelala. Waliokusanya Zaburi hawakuitoa. Wachungaji wanaoipanga ratiba ya ibada wasiitoe nao.

Msingi wa jambo hili uko mezani pa Bwana. Wakristo waliagizwa kukumbuka tendo moja kuliko yote, na tendo hilo ni la usiku aliosalitiwa Bwana wao. Anayekumbukwa pale aliomba kikombe kimwepuke, wala hakikumwepuka. Ufufuo ulikuja siku ya tatu, na mikono iliyofufuka ilikuwa bado na alama za misumari. Tomaso alionyeshwa hizo kuwa ndizo hati. Kanisa lenye ukumbusho kama huo kila Jumapili halina ruhusa ya kuwauzia watu zindiko siku ya Jumatano.

Basi wazee wa usharika, makatekista, viongozi wa jumuiya ndogondogo, waanze kazi ambayo imechelewa. Ushuhuda usisikilizwe kwa wenye habari njema pekee. Aliyezika naye asimame, aachwe aseme kama alivyo, asisahihishwe katikati ya maneno yake. Vijana wapewe daftari waende kwa wazee kabla hawajaondoka, wawaulize kanisa la kwanza la nyasi lilisimama wapi, nani alilijenga, nani alikimbia mwaka wa taabu, nani alirudi wa kwanza, na nani wa dini nyingine aliwaficha. Yoshua alisimamisha Gilgali mawe 12 yaliyotolewa Yordani hasa ili watoto waulize. Watoto wa Kibiti hawatauliza kitu wasichokiona.

Mwezi wa kuanzia upo, ni Agosti. Tarehe 4 ni ya Kinjikitile huko Mohoro. Tarehe 14 ni ya Spiss na wenzake. Mwisho wa mwezi ni wa Sista Walburga na wa watu wa Mahenge ambao majina yao yanajulikana kwa Mungu peke yake. Parokia au usharika wowote kutoka Utete hadi Songea unaweza kuyasoma majina hayo katika ibada moja, yote pamoja, bila kuyatenga ya misheni na ya wapiganaji, na Februari 27 ikifika la Mputa likasomwa nalo. Akitokea mwumini wa kuuliza jina la mtambikaji linatafuta nini kanisani, mchungaji amweleze, bila kupunguza neno, habari ya kibanda cha mahoka na nani aliyekitia moto.